Sura ya Tano: Gesi Ilitoka Wapi?

Kabla ya kumimina asidi, futa ubao.

Nikiwapa ushauri huu walimu wa kemia wanaoanza kazi, wengi hunitazama kwa mashaka, maana wao wenyewe walifundishwa kinyume chake. Mwalimu huandika mlinganyo kwanza: zinki, jumlisha asidi ya haidrokloriki, mshale, kloridi ya zinki, jumlisha haidrojeni. Kisha huchukua neli ya majaribio, hudondosha kipande cha zinki, humimina asidi. Viputo vinapanda, kijiti cha moto kinalia "pap!", darasa linacheka, kengele inagongwa. Kila kitu kimekwenda kama kilivyopangwa, na hapo ndipo kasoro ilipo. Wanafunzi wametumia dakika zote hizo kuhakikisha kwamba ubao haudanganyi.

Ubao ukiwa mtupu, mambo huwa mengine. Zinki iko chini ya neli, kimiminiko kisicho na rangi kiko juu yake, na kati ya viwili hivyo inazuka hewa ambayo dakika moja iliyopita haikuwapo. Muulize mwanafunzi wa Kidato cha Pili, awe Tandahimba au Kakamega: gesi hii imetoka wapi? Wengi watajibu bila kusita kwamba imetoka kwenye zinki. Wana sababu zao. Viputo vinazaliwa juu ya zinki, zinki ndiyo inayopungua hadi kuisha, na asidi kwa macho ni ileile tangu mwanzo. Jibu hilo si sahihi. Lakini ndilo alilolitoa mmoja wa wapimaji hodari zaidi katika historia ya kemia, na ilichukua miaka 72 kulisahihisha. Nadhani miaka hiyo inaweza kupitishwa ndani ya vipindi viwili vya dakika 40, mwalimu akikubali kunyamaza pale anapotamani kusema.

Tuanze na vifaa. Asidi inayofaa ni ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Chupa inayotoka kiwandani huwa na asidi kali ya asilimia 36 hivi. Sehemu moja ya hiyo katika sehemu tano za maji inatosha kabisa kwa darasa. Maji hutangulia kwenye bika, asidi hufuata kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukigeuza utaratibu na kumwaga maji juu ya asidi kali, joto linalozuka huweza kuyachemsha matone ya kwanza na kuyarusha usoni pamoja na asidi yenyewe. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa asidi ya salfuriki, na ndiyo utakayokuwa nayo iwapo stoo ya shule haina kitu, kwa sababu asidi ya betri za gari inayouzwa kwenye maduka ya vipuri ni hiyo hiyo. Kwa uzito, theluthi moja hivi ya kilichomo ndani ya dumu lile ni asidi. Iongeze polepole kwenye maji yenye ujazo mara tatu ya wake.

Metali ni rahisi zaidi kuzipata. Zinki ni lile kopo la betri za tochi zilizokwisha, zile za kawaida za bei nafuu, si za alkalaini. Ukitoa unga mweusi wa ndani na kuliosha, linakatika kwa mkasi. Chuma ni msumari. Shaba ni waya wa umeme uliomenywa. Alumini ni karatasi ya kufungia chakula. Utakachonunua kwa msambazaji wa vifaa vya maabara ni utepe wa magnesiamu peke yake, nao unadumu: sentimita 3 zake, zenye uzito wa gramu 0.03 hivi, hutoa gesi ya kujaza neli nzima na kuzidi.

Nchini Kenya, mradi wa SMASSE ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani uliufanya ubunifu wa namna hii kuwa sehemu rasmi ya mafunzo ya walimu walio kazini, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipofanya la maana kuliko kwingine kote. Sisi Tanzania tulijenga. Mwaka 2014 wananchi wa kata nyingi walichangishwa ili shule zao za sekondari zipate vyumba vya maabara, na vyumba vingi vikasimama. Ni jambo jema. Ila maabara isiyo na asidi ni darasa lenye masinki.

Mzazi akisikia kwamba mwanawe anashika tindikali shuleni, kinachomjia akilini ni habari za watu waliomwagiwa usoni. Hofu hiyo ina haki yake, na dawa yake ni utaratibu, si maneno ya kumtuliza. Miwani ya kinga ivaliwe na kila aliye karibu na meza, mwalimu akiwa wa kwanza. Ndoo ya maji safi iwepo. Magadi yawepo kwa ajili ya asidi itakayomwagika mezani. Ngozi na macho huoshwa kwa maji mengi tu, bila magadi. Lakini sharti ninalolitilia mkazo kuliko yote linahusu moto. Haidrojeni iliyochanganyika na hewa hushika moto ikiwa ni asilimia 4 tu ya mchanganyiko, na huendelea kuwa hivyo mpaka ifike asilimia 75. Chupa ya kioo iliyojaa mchanganyiko huo ikiguswa na kiberiti hupasuka vipande vipande. Kwa hiyo kijiti kinachowaka hakisogezwi kwenye chombo kikubwa ambamo mmenyuko unaendelea. Kusanya gesi kwenye neli ndogo iliyopinduliwa, ihamishie mbali na meza, ndipo uiwashe. Mlio utakuwa uleule.

Sasa panga metali tano mezani na uwaambie wanafunzi wabashiri: ipi itaanza, ipi itafuata, ipi itakataa. Waandike kwa kalamu, si kwa penseli. Mwanafunzi aliyeandika kwa wino kwamba alumini haitafanya chochote ataitazama neli ya alumini kuliko neli nyingine zote.

Magnesiamu haimwangushi mtu. Inavuma, inaelea juu ya asidi ikibebwa na viputo vyake yenyewe, neli inapata joto mkononi, na muda si mrefu imetoweka. Zinki huja kwa utulivu zaidi, na hapa kuna jambo ambalo limewaaibisha walimu wengi mbele ya wakaguzi: zinki safi sana, ile iliyotoka kwenye chupa ya gharama, hulala. Kipande chenye uchafu kutoka kwenye betri ya tochi hukishinda. Ukiongeza tone la maji ya mrututu, zinki iliyolala huamka papo hapo. Sababu yake tutaifikia. Kwa sasa waache waliandike tu kama walivyoliona.

Badala ya msumari wa kawaida, chukua msumari wa bati, wa kuezekea. Unaanza kuchemka vilevile kama zinki, kwa kuwa nje umepakwa zinki kweli. Baada ya muda mchemko unakatika ghafla, msumari unageuka mweusi, na vinabaki viputo vichache vinavyopanda kimoja kimoja. Asidi imeshaula utando wote wa nje na kufika kwenye chuma. Mwanafunzi ambaye nyumba yao ina bati lililoanza kutu ataelewa kwa nini kutu huanzia kwenye mikwaruzo na matundu ya misumari bila kuambiwa.

Alumini ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Dakika ya pili pia hakuna, na wale walioiandika mwisho wa orodha wanaanza kushangilia. Kisha kinatokea kiputo, vinafuata vitatu, halafu neli inakuwa ya moto kiasi cha kutoshikika na povu la kijivu linapanda kuelekea mdomoni. Weka kipande kidogo, la sivyo litamwagika. Alumini imevaa ngozi nyembamba ya oksidi isiyoonekana kwa macho, ngozi ileile inayoifanya sufuria istahimili mchuzi wa nyanya na ndimu miaka nenda rudi, na asidi ya haidrokloriki huhitaji muda kuitoboa. Ikishaitoboa, metali iliyomo ndani ni kali kuliko zinki. Mpangilio wa metali uliochapishwa kitabuni hausemi lolote kuhusu kuchelewa huku, na mwanafunzi aliyekariri mpangilio huo ataona kitabu kimekosea kwa dakika mbili nzima. Ni vizuri akae na wasiwasi huo.

Shaba haifanyi chochote mpaka kipindi kinaisha. Sonara angekubishia, kwa sababu yeye huona asidi ikila shaba kazini kwake. Asidi yake ni ya naitriki, ambayo huitafuna shaba na kuiacha dhahabu, na hewa inayotoka ni ya kahawia, yenye sumu, wala si haidrojeni. Hiyo isiletwe kabisa katika onyesho hili.

Mpaka hapa darasa limeona mengi na swali letu bado halijaguswa. Twende London, mwaka 1766.

Henry Cavendish alikuwa mjukuu wa mkabaila mkubwa, tajiri kupindukia, na mwenye haya kiasi cha kuwaagiza watumishi chakula kwa vikaratasi ili asikutane nao. Mwaka huo aliwasilisha kwa Royal Society taarifa ya majaribio yake juu ya hewa zinazotokana na vitu vigumu na vimiminiko, kazi iliyompatia medali ya Copley. Robert Boyle alikuwa ameshaiona hewa inayowaka ikitoka kwenye chuma na asidi karibu karne moja kabla yake. Cavendish aliipima. Aliyeyusha zinki, chuma, na stani, ile metali laini inayotumika kulehemia, akaikusanya hewa kwenye chupa zilizopinduliwa majini. Vipimo vyake tukivigeuza kuwa vyetu, gramu 1 ya zinki ilimpa mililita 356 za hewa, ya chuma 412, ya stani 202. Ukipiga hesabu ya leo kwa joto la kawaida la chumba unapata 367, 430 na 202. Huyu ni mtu asiyekuwa na mizani ya umeme wala jedwali la elementi, na hakuwa hata na wazo la atomu kama tunalolijua sisi.

Akagundua jambo jingine. Zinki ilitoa hewa kiasi kilekile, iwe ndani ya asidi ya salfuriki au ya haidrokloriki. Ukibadili asidi, hewa haibadiliki. Ukibadili metali, inabadilika. Basi hewa ilikuwa ndani ya metali, na asidi ilifanya kazi ya kuifungulia mlango tu. Wakati ule wanakemia wengi waliamini kwamba kila kinachoweza kuungua kina ndani yake kitu kiitwacho flojistoni, kinachotoka wakati wa kuungua. Hewa hii iliwaka vizuri ajabu, tena kwa kipimo chake ilikuwa nyepesi mara 11 kuliko hewa ya kawaida (kwa kweli ni mara 14). Cavendish akaona kwamba amekamata flojistoni yenyewe.

Mwanafunzi wetu wa Kidato cha Pili yuko pamoja na watu wa heshima.

Ili ujue jinsi kosa hili lilivyo na mantiki, dondosha kipande cha magadi kwenye asidi ileile. Viputo vinapanda kwa kasi, huenda vikaishinda hata zinki. Kwa macho matupu huwezi kutofautisha. Sogeza kijiti kinachowaka: safari hii kinazimika. Hii ni kaboni dayoksaidi, na hapa kweli gesi imetoka kwenye kile kigumu, maana kaboni yake ilikuwa imefungwa ndani ya magadi tangu yalipochotwa ziwani. Cavendish aliichunguza gesi hiyo pia, akiitoa kwenye marumaru, katika kazi ileile ya 1766. Alikuwa amekwisha kuona kigumu kikitoa hewa yake kinapokutana na asidi. Kwa nini zinki iwe tofauti?

Sasa fanya ambalo hakulitilia maanani. Katika majaribio yake asidi ilikuwa tele, na metali ndiyo iliyoisha. Geuza. Pima mililita 5 tu za asidi uliyoizimua na uweke metali ya kuzidi. Kusanya gesi kwenye chupa iliyopinduliwa ndani ya beseni. Utapata mililita 120 hivi kwa magnesiamu, 120 hivi kwa zinki, na karibu hizo hizo kwa chuma ikiwa una subira ya kungoja mpaka kesho. Sasa ukibadili metali, hewa haibadiliki. Ukiongeza asidi, inaongezeka. Kwa hoja ileile ya Cavendish, gesi imetoka kwenye asidi.

Hapo ndipo darasa linapopamba moto, na mwalimu hana budi kukaa pembeni. Kundi moja lina mililita 356 za Cavendish, jingine lina 120 za beseni, na kila moja lina hakika. Inachukua muda kabla hajatokea mmoja kusema kwamba kiasi cha gesi kinaamuliwa na kile kinachoisha kwanza, kwa hiyo vipimo vyote viwili haviwezi kusema gesi ilitoka wapi. Anaweza asitokee leo. Jambo moja linasaidia: ubishi uende kwa Kiswahili, au Kisukuma ikibidi. Sekondari za Tanzania hufundisha kemia kwa Kiingereza, na nimeona maswali mazuri yakiulizwa kwa kunong'ona dawati la nyuma kwa sababu muulizaji hakuwa na sentensi ya Kiingereza ya kuyabeba. Maneno ya mtihani yanaweza kuja kipindi kinachofuata.

Mtetezi wa Cavendish ana kombora jingine. Chukua metali iliyokwisha kuungua, kwa mfano unga mweupe unaobaki magnesiamu ikiteketea, na uutie kwenye asidi. Unayeyuka bila kutoa kiputo hata kimoja. Anayeamini flojistoni atatabasamu: bila shaka, flojistoni yake ilikwisha kutoka wakati wa kuungua! Joseph Priestley alikwenda mbali zaidi miaka ya 1780. Aliupasha moto unga wa metali iliyoungua ndani ya hewa inayowaka, hewa ikamezwa, na metali ikarudi iking'aa. Ushahidi gani mwingine mtu autake? Kikwazo kilikuwa mizani. Unga unaobaki baada ya metali kuungua ni mzito kuliko metali yenyewe, na ni vigumu kueleza jinsi kitu kinavyoongezeka uzito kwa kupoteza kitu.

Antoine Lavoisier wa Paris ndiye aliyelishikilia jambo hilo mpaka nadharia nzima ikaanguka. Mwaka 1783 aliiunguza hewa ile ndani ya oksijeni akapata maji, jambo ambalo Cavendish mwenyewe alikuwa amelifanya bila kulitangaza. Kisha, pamoja na mwenzake Meusnier, akapitisha maji kwenye mtutu wa bunduki uliopashwa moto mpaka ukawa mwekundu. Upande wa pili ikatoka hewa inayowaka, na chuma kikawa kizito zaidi. Hapakuwa na asidi yoyote pale. Hewa ilitoka kwenye maji.

Mwaka huohuo wa 1783 Paris ilipata namna ya kelele zaidi ya kuijua gesi hii. Jacques Charles alijaza puto la hariri kwa kumwagia asidi ya salfuriki juu ya chuma kiasi cha karibu nusu tani, kazi iliyochukua siku kadhaa kwa sababu gesi ilitoka ikiwa na joto kali na mabomba yakawa yanavuja. Tarehe 27 Agosti puto likapaa kutoka Champ de Mars mbele ya umati, likaangukia kijiji cha Gonesse, ambako wakulima walilishambulia kwa mauma. Hao nao walikuwa wanaona onyesho la asidi na metali, ila hakuna aliyewaonya. Ukiwa na muda, jaza kipira kwa gesi ya zinki uone kama kitapaa. Mara nyingi hakipai, kwa kuwa mpira ni mzito kuliko gesi inavyoweza kubeba, na kupiga hesabu ya kwa nini hakipai ni kazi nzuri ya nyumbani.

Turudi kwa Lavoisier, kwa sababu naye alikosea, na kosa lake halitajwi sana madarasani. Baada ya mtutu wa bunduki aliamini kwamba hata ndani ya neli yenye asidi, metali inachukua oksijeni ya maji na kuiachia haidrojeni. Asidi kwake ilikuwa kitu chenye oksijeni. Kila asidi, bila ubaguzi. Mpaka mwaka 1810 ndipo Humphry Davy alipoonyesha London kwamba asidi ya haidrokloriki haina oksijeni hata chembe: ni haidrojeni na klorini basi. Na mwaka 1838 Justus von Liebig akaliweka katika sura tunayoifundisha, kwamba asidi ni kampaundi yenye haidrojeni inayoweza kuondolewa na metali ikakaa mahali pake. Kutoka 1766 ni miaka 72.

Lavoisier hakuwa mjinga, na darasa linaweza kuona kilichomvuta. Changanya punje kavu za asidi ya sitriki, zile nyeupe za kutia ukali kwenye juisi, na vipande vya magnesiamu. Tikisa. Hakuna kinachotokea, hata ukingoja. Ongeza maji, na neli inachemka. Si ni maji basi? Tia magnesiamu kwenye maji matupu: kiputo kimoja hapa, kingine pale, ukiwa na macho makali. Maji yanahitajika, na asidi inahitajika. Svante Arrhenius wa Uswidi ndiye aliyeeleza kwa nini, katika tasnifu ya mwaka 1884 ambayo walimu wake wa Uppsala waliipa alama za chini na ambayo msingi wake ulimpatia tuzo ya Nobel mwaka 1903. Ndani ya maji asidi hugawanyika kuwa ioni, chembe zenye chaji, na haidrojeni huwa huru kutembea ikiwa na chaji chanya. Kavu, haina pa kutembea.

Limebaki jaribio moja, na ningelazimika kuchagua moja tu kati ya yote ningechagua hili. Halihitaji chochote kipya. Weka ukanda wa zinki upande mmoja wa bika yenye asidi iliyozimuliwa, na waya wa shaba upande wa pili, visigusane. Zinki inatoa viputo, shaba imetulia, kama kila mtu anavyotarajia sasa. Kisha vipinde vichwa vyake mpaka vigusane juu, nje ya asidi.

Viputo vinaanza kutoka kwenye shaba.

Nimewaona walimu wenye shahada wakiinama kutazama vizuri. Shaba ambayo haikufanya chochote kipindi kizima inatoa gesi. Ikusanye, iwashe: inalia. Pima shaba kabla na baada: uzito ni uleule. Gesi haikuwa ndani ya shaba, hilo liko wazi, na haikutembea ndani ya waya kutoka kwenye zinki, kwani ingepitia wapi? Ilikuwa kwenye asidi. Auguste de la Rive wa Geneva alitumia maarifa ya namna hii mwaka 1830 kueleza kwa nini zinki chafu huliwa haraka kuliko safi: vipunje vya metali nyingine vilivyomo ndani yake vinafanya kazi ya waya wetu wa shaba. Tone la mrututu nalo hufanya hivyo, kwa kupaka shaba juu ya zinki. Lile la zinki inayolala limepata jibu lake.

Lakini mwanafunzi makini hatakubali kirahisi. "Mwalimu, zinki inapungua na shaba haipungui, na bila zinki shaba haitoi kitu. Basi kuna kitu kinatoka kwenye zinki, kinapita kwenye waya." Ndiyo. Kinatoka. J. J. Thomson alikipima mwaka 1897 huko Cambridge, katika maabara iliyojengwa kwa fedha za ukoo wa Cavendish na kubeba jina lake: elektroni. Zinki inaziachia, ioni za haidrojeni zinazipokea popote zitakapozikuta, na shaba ni mahali pepesi pa kukutania. Cavendish alisema metali inatoa kitu inapoyeyuka kwenye asidi, na katika hilo hakukosea. Alikosea kudhani kitu hicho ndicho kilichokuwa ndani ya chupa zake.

Ikiwa bado kuna mwanafunzi anayetaka kukiona kitu hicho kikipita, mtafutie balbu ndogo nyekundu ya LED kutoka kwenye redio mbovu. Tenganisha zinki na shaba, na uiweke balbu katikati yao kwa waya mbili. Bika moja haitoshi, kwa kuwa nguvu yake haifiki hata volti moja na nusu. Unganisha bika tatu au nne, shaba ya moja kwa zinki ya inayofuata, na ufunge mapazia. Balbu isipowaka, geuza miguu yake, maana LED hupitisha umeme upande mmoja tu.